Pamba, pembe na kinanda: mwaka wangu wa skuli Massachusetts

(Hotuba kwa wazazi na wanafunzi wanaojiandaa kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, Unguja. Nimeisafisha kidogo kwa ajili ya kusomwa.)

Assalaam alaykum warahmatullah. Wazazi wangu, walimu wenzangu, na nyinyi wadogo zangu wa safu ya mbele, ahsanteni kwa kunialika.

Mwenyekiti kanitahadharisha kabla sijapanda hapa. Kanambia, "Mwalimu, watu wanataka kujua watoto wao watakula nini, watasali wapi, na watarudi na akili zao au vipi." Haya, tuyamalize hayo kwanza, kwa sababu siyo khasa yaliyonileta.

Chakula kipo. Familia iliyonipokea haikuwa ya Kiislamu, na kwa kawaida ya mpango huu haikulipwa hata senti kwa kukaa nami. Mama wa nyumba ile aliniuliza siku ya mwanzo vitu nisivyokula, akaviandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye mlango wa friji. Karatasi ile ilikaa pale mpaka naondoka. Nyama ya halali tukiifuata mji wa jirani. Adhuhuri nikisali kwenye chumba kidogo kando ya maktaba ya skuli. Ramadhani ya 2018 iliangukia Mei na Juni, na kule kaskazini miezi hiyo jua linazama saa mbili usiku na zaidi, kwa hiyo nilifunga zaidi ya saa 16 kwa siku huku wenzangu wanakula pitsa ubavuni mwangu. Mzazi anayeogopa mtoto wake atapotea, na amuulize kwanza kama ataiweza hiyo. Kuhusu akili, mimi nasema nimerudi nazo. Mume wangu yuko pale nyuma, mnaweza kumuuliza faragha.

Sasa niseme nilichokujia.

Nilikwenda mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018. Mpango wenyewe mnaujua, huu wa Kennedy-Lugar. Ulianza 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, na umebeba majina ya maseneta wawili, Edward Kennedy na Richard Lugar. Fikra yao ilikuwa kwamba kijana kutoka nchi yenye jamii kubwa ya Waislamu akae ndani ya nyumba ya Mmarekani na asome katika skuli yao, watu waonane kwa macho. Mimi niliangukia mji mdogo kaskazini mwa Boston. Nilidhani nakwenda kusoma historia ya watu wengine.

Jambo la kwanza lililonishangaza halikuwa theluji. Kila asubuhi, kengele ya kwanza ikilia, darasa zima husimama, mkono kifuani, wakaikabili bendera na kusoma kiapo cha utii. Katika darasa letu kulikuwa na kijana mmoja hasimami. Anakaa, kakunja mikono, anatazama dirishani. Nikangoja mwalimu amtoe nje, au amwambie kesho aje na mzazi. Mwalimu akafungua daftari la mahudhurio kama kawaida. Baadaye nilipomuuliza, akanambia kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, kwamba mwanafunzi hawezi kulazimishwa kuisalimu bendera. Kesi ililetwa na familia za Mashahidi wa Yehova wa West Virginia. Sisemi tuige, mwalimu mkuu usinikazie macho. Nasema kwamba pale ndipo nilipoanza kuielewa ile nchi. Mabishano yao hawayafichi chini ya jamvi. Wameyatungia kesi, wameyawekea mabamba barabarani.

Mfano wa mabamba ni Plymouth. Kila Novemba Wamarekani wana Sikukuu ya Shukrani. Familia zinakusanyika, analiwa bata mzinga, na watoto wanasimuliwa karamu ya 1621, pale Waingereza waliofika kwa jahazi la Mayflower mwaka 1620 walipokula pamoja na wenyeji wa Kiwampanoag. Tulipelekwa kuliona jiwe ambalo inasemekana walikanyaga waliposhuka. Ni dogo kuliko sifa zake, limechongwa 1620 na kujengewa nguzo kama kaburi la walii. Lakini ukipanda kilima kilicho juu yake, Cole's Hill, utakuta sanamu ya Massasoit, mkuu wa Wampanoag aliyewapokea wageni wale. Hapo, tangu 1970, wenyeji wa asili wanakutana siku ile ile ya Shukrani kufanya maombolezo. Asili yake ni kwamba mwaka ule mzee wao, Wamsutta Frank James, alialikwa kuhutubia miaka 350 ya kuwasili kwa Mayflower. Waandalizi wakaomba waisome hotuba kwanza, wakaikataa. Akaenda kuisema kilimani. Leo mji wenyewe umeweka bamba pale linaloeleza maombolezo hayo. Chini wanashukuru, juu wanaomboleza, na polisi wanasimamia magari ya pande zote mbili.

Halafu Salem. Ukimtajia Mmarekani Salem atakwambia wachawi. Mwaka 1692 watu walishitakiwa uchawi pale, 19 wakanyongwa, na mzee mmoja akalaliwa mawe mpaka akafa. Siku hizi mji umelifanya jambo hilo biashara, maduka mtaa mzima yanauza fagio na kofia nyeusi. Ndugu zangu wa Pemba mtanisamehe, lakini sifa hiyo nyinyi mnayo miaka yote na hamjauza hata fulana.

Mimi Salem ilinishika kwa sababu nyengine. Bandarini kuna gati refu la kale, na ndani ya mji kuna makumbusho yaliyoanzishwa na manahodha mwaka 1799. Hukuweza kuwa mwanachama wa chama chao mpaka uwe umezunguka Rasi ya Tumaini Jema au ile ya Pembe, ncha ya Amerika ya Kusini. Waliozunguka Tumaini Jema wakaja wapi? Baadhi yao walikuja hapa. Kuanzia miaka ya 1820 majahazi ya Salem yalikuwa yakitia nanga mbele ya Forodhani. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, ushuru asilimia tano. Mwaka 1837 akaja Richard Waters, kijana wa Salem, kuwa balozi mdogo wa Marekani Unguja. Muingereza alimleta balozi wake, Hamerton, mwaka 1841. Yaani Mmarekani alitangulia. Hilo sikulisoma skuli hapa, nimelisoma Salem, na nikaona haya kidogo.

Walichukua pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Sandarusi ikisafishwa kule kule Salem na kupikwa vanishi ya samani. Walileta bunduki, baruti, na zaidi ya yote, merikani, ile nguo nzito ya pamba isiyong'arishwa ambayo bibi zetu waliivaa, na ikitiwa rangi nyeusi ikawa kaniki.

Na safari haikuwa ya upande mmoja. Tarehe 30 Aprili 1840 jahazi la Sayyid Said, Sultanah, liliingia New York likiwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Lilipakia karafuu, pembe, kahawa na tende, na zawadi za Rais Martin Van Buren zikiwamo lulu, mafuta ya waridi na farasi wawili wa Kiarabu. Rais akasema katiba hairuhusu kupokea zawadi ya mfalme. Ikabidi Bunge lao likae kujadili farasi! Mwishowe wakauzwa. Wamarekani nao hawakumwachia mgeni aondoke hivi hivi. Jahazi lake lilikuwa limechoka, wakalitengeneza upya kwa gharama ya serikali, na mchoraji Edward Mooney akampaka picha na kilemba chake. Niliwasimulia wenzangu darasani mkasa huu, wakadhani natunga. Aliyenitetea ni mwalimu wa fizikia, mzee mpenda anga, ambaye Zanzibar aliijua kwa mlango mwengine kabisa. Alikumbuka kwamba John Glenn, mwanaanga wa Marekani, alipoizunguka dunia Februari 1962 alizungumza na kituo cha Zanzibar cha kufuatilia vyombo vya angani. Kituo hicho kilikuwa Tunguu. Wangapi hapa wanapita Tunguu kila siku?

Sasa nifike Lowell, maana Lowell ndiko nilikokaa nikafikiri.

Lowell ni mji wa viwanda vya nguo, kama saa moja kutoka Boston. Viwanda vimekufa, lakini serikali imevihifadhi tangu 1978 kuwa hifadhi ya historia, na katika jengo moja bado wanaendesha mitambo ya kufumia. Kabla hujaingia unapewa vizibo vya masikio. Nilidhani ni mapambo. Mlango ulipofunguliwa, sakafu ilikuwa inatetemeka mpaka magotini, na hapo si mitambo yote iliyokuwa ikienda. Wasichana wa umri wenu, wadogo zangu, walisimama humo saa 12 na zaidi kwa siku, bila vizibo, madirisha yamefungwa ili nyuzi zisikauke. Walitoka mashambani New England, wakilala katika nyumba za kampuni. Mwaka 1834 walipopunguziwa mshahara waligoma, na 1836 wakagoma tena. Mwongozaji wetu aliyaeleza hayo kwa fahari, kana kwamba ni dada zake.

Kisha akatuonesha bunda la pamba mbichi na kuuliza, "Hii ilitoka wapi?" Wanafunzi wote wakajibu Kusini. Nani aliichuma? Watumwa. Hapo wanafundishwa vizuri, hawababaishi. Akatuambia kwamba mwaka 1848 Charles Sumner, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Massachusetts, aliwasema wenye viwanda wa kwao hadharani kwamba wameshikana mikono na wenye viboko wa Kusini. Na nguo ikaenda wapi? Kimya. Mtu mmoja akasema China. Nikanyanyua mkono nikasema baadhi yake ilikuja kwetu. Mwongozaji akauliza tuliifanyia nini, nikasema tulivaa. Jibu la kweli, lakini nusu.

Nusu ya pili nilikuja kuipata nyumbani kwa bibi, mama yake yule mama mwenyeji wangu. Alikuwa na kinanda cha kale, piano, kilichoegemezwa ukutani, cha mbao nyekundu. Nilikuwa nakibonyeza bonyeza tu, sijui kukipiga. Akaja akanishika kidole akakipitisha juu ya kibonyezo kimoja cheupe, taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma. "Umesikia?" Pale katikati, mbele kidogo ya vibonyezo vyeusi, kuna mstari mwembamba kama unywele. Vibonyezo vya plastiki havina mstari huo. Vya pembe vinao, kwa sababu kila kimoja kimeundwa kwa vipande viwili, kipana cha mbele na chembamba cha nyuma, vimeungwa. Ukikiinamia karibu na taa unaona na mishipa ya pembe. Akanambia, "Hivi vimetoka kwenu."

Bibi yule alizaliwa kusini mwa Connecticut, karibu na mdomo wa mto, na siku moja alitupakia garini kwenda kutuonesha. Kuna mtaa kule unaitwa Ivoryton, maana yake mji wa pembe, na jirani yake Deep River. Kampuni mbili za hapo, moja ikiitwa Pratt, Read na nyengine Comstock, Cheney, zilikata pembe za kinanda kwa Marekani karibu nzima, na zilikuwa na wanunuzi wao wakiishi hapa Unguja. Pembe ilikatwa kwa misumeno hadi vipande vyembamba sana, kisha vikapangwa ndani ya nyumba za vioo kwa wiki kadhaa vikapigwa jua mpaka vikawa vyeupe. Kati ya miaka ya 1850 na Vita vya Kwanza vya Dunia, nyumba yoyote ya Mmarekani iliyojiona ina heshima ilitaka kinanda sebuleni.

Basi unganisheni. Mtumwa wa Alabama anachuma pamba. Msichana wa Lowell anaifuma. Nahodha wa Salem anaileta Unguja. Hapa inapimwa kwa shuka na doti, inafungwa mizigo, inavushwa Bagamoyo, inabebwa hadi Unyanyembe na Ujiji, inabadilishwa kwa pembe. Pembe inarudi pwani mabegani mwa watu, inapanda jahazi, inafika Connecticut, na mtoto wa mchungaji anapigia nyimbo za kanisani.

Ngoja niseme na hili, kwa sababu mimi ni mwalimu wa historia na sipendi chumvi. Mara nyingi kule utasoma kwamba kila pembe ilibebwa na mtumwa. Si kweli. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi ile kwa ujira na kwa fahari. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa mtu mzima. Watumwa walikuwemo, wengi, na kandokando ya njia zile watu walitekwa na vijiji kuteketezwa. Lakini ukimfanya kila Mwafrika aliyebeba mzigo kuwa mtumwa, umemnyang'anya Mnyamwezi kazi yake.

Na upande wa pili hivyo hivyo. Mmoja wa waanzilishi wa biashara ya pembe Deep River, George Read, alikuwa mpinga utumwa. Mtu mweusi aliyetoroka utumwa Kusini alifika mlangoni kwake, naye akamhifadhi, akamsaidia kubadilisha jina na kuanza maisha. Mtu yule yule, pesa zake ni za pembe zilizotoka huku. Niliuliza kama alijua. Bibi akanitazama, akasema, "Mwanangu, watu wa hapa walijua bei."

Washington tulikwenda majira ya machipuko, na nitaruka mambo mengi, mnayaona kwenye televisheni. Ikulu ni ndogo kuliko mnavyodhani. Nitasema jengo moja, Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, lililofunguliwa Septemba 2016. Msanifu wake, David Adjaye, alizaliwa Dar es Salaam kwa wazazi wa Kighana. Unaanza kulitembelea chini kabisa ya ardhi, gizani, karne ya 15, na unapanda polepole kuelekea mwanga. Kule chini, mwaka niliokwenda mimi, kulikuwa na vipande vya chuma vilivyoliwa na kutu, vinene kama tofali. Vilitoka katika jahazi la Kireno, São José, lililoondoka Kisiwa cha Msumbiji Desemba 1794 na watu zaidi ya 400 kwenda kuuzwa Brazil. Lilipasuka karibu na Cape Town mwezi ule ule. Zaidi ya 200 walikufa maji, waliookolewa wakauzwa hapo hapo. Vyuma vile vilikuwa vya kutia uzito, kwa sababu binadamu ni mzigo mwepesi na jahazi lingeyumba. Jahazi lenyewe halikuwa likienda Marekani. Lakini wao walitafuta ushahidi wa safari ile mpaka wakaupata katika pwani ya bara letu, wakauweka katikati ya mji mkuu wao.

Wiki tuliyorudi, darasani, msichana mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, "Nyinyi kwenu mlikuwa watumwa, au mlikuwa na watumwa?" Nilikuwa nimezoea Wamarekani wema kunihurumia, kunifanya mjukuu wa watumwa kabla sijasema neno. Huyu aliuliza vizuri. Na sikuwa na jibu. Nilijua soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, kwamba kanisa lilianza kujengwa juu yake mwaka huo huo, kwamba utumwa wenyewe uliondoshwa kisheria Unguja 1897. Hizo ni tarehe za mtihani. Nyumbani kwetu je? Usiku nikampigia babu. Nikamuuliza kama nilivyoulizwa. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, huko kumeanza kupoa au bado?" Ilikuwa Aprili.

Simlaumu. Katika ukumbi huu wamo wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza, na wengi wetu, tukikaa kitako tukasema kweli, ni wajukuu wa wote wawili. Kuna ndoa zimefungwa juu ya ukimya ule. Lakini nilichokiona kule kimenifanya nisiweze kuukubali kwa wanafunzi wangu. Wamarekani nao wana mengi wasiyotaka kuyasikia, na kila baada ya miaka kadhaa wanagombana upya nini kifundishwe na bamba gani litolewe. Wagombane. Mtoto wa pale anakua anajua kwamba kuna ugomvi. Wetu anapita Mkunazini kwenda kununua mchele na hajui kwamba kuna la kuuliza.

Kwa hiyo mimi na mwalimu mkuu tumekubaliana hivi. Watakaoitwa kwenye usaili hawataanza na mazoezi ya Kiingereza. Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi tunakutana mbele ya kanisa la Mkunazini, kila mtu na daftari. Tutashuka chini kwenye vile vyumba vinavyosemekana watumwa walifungiwa, kisha tutatembea Mji Mkongwe mpaka pwani, nikawaoneshe majahazi ya Salem yalikotia nanga. Wiki itakayofuata tutakwenda Mangapwani, kulikofichwa watumwa, na gari la skuli limeshapatikana ila dizeli bado, wazazi mnanielewa. Halafu kila mmoja atakwenda kumuuliza mzee mmoja wa ukoo wake lile swali nililoulizwa mimi, na ataandika alichojibiwa. Akijibiwa habari za hali ya hewa, aandike hiyo hiyo.

Fomu ziko kwa mwalimu wa taaluma, na saini ya mzazi ni lazima. Naona mzee wangu pale karibu na dirisha kanyanyua mkono tangu nilipotaja pesa za dizeli. Karibu, babu, tuanze na wewe.